Swali la Papa Alphonse

Neno lile liliingia nyumbani kwa akina Nadège siku ya Alhamisi, na liliingia na mtu wa kanisa, kama ilivyo desturi ya maneno mabaya. Tonton Évariste, kaka yake mama, alipita akitoka ibada ya mchana. Akakubali kiti, akakubali maji, akauliza hali ya magoti ya dada yake, akajibiwa. Mtu mwenye habari chungu huwa hana haraka. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Beau-frère, ule kijana mwenye anakuja samedi kumuposa Nadège, unajua kitu gani anafundisha kule faculté?"

"Biologie," akajibu Papa Alphonse.

"Anafundisha kama mutu alitoka kwa makako."

Nadège alikuwa mlango wa nyuma, anamenya makemba. Kisu kilisimama katikati ya ndizi. Mtu kutoka kwa nyani! Alingoja baba yake acheke, maana tonton Évariste alizoea kuwaletea visa vya kuchekesha. Baba hakucheka.

Na wewe msomaji usicheke. Kuna nyumba ambamo neno hilo ni utani wa wanafunzi, na kuna nyumba ambamo ni msiba. Papa Alphonse alikuwa mtu wa Isangi, mfanyabiashara wa mtoni na mzee wa kanisa, ambaye kila jioni aliwakusanya watu wake kwa sala. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikwenda na maji, mtumbwi ulipopinduka. Mwili ulipopatikana, pasteur alisoma pale Mungu anapomfinyanga mtu kwa udongo wa ardhi. Tangu siku ile mzee alishika hilo tu: mkono uliomfinyanga mwanangu ndio uliompokea. Halafu leo anakuja mtu kumwambia hapakuwa na mkono, palikuwa na makako.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

"Mutoto wa jirani, anasoma kwake. Anasema kijana hajifichi hata. Anachora ku tableau, mutu huku, makako huku, babu yao moya."

"Bon," alisema Papa Alphonse. Akisema bon peke yake namna ile, nyumba nzima hushusha sauti.

Jioni, baada ya sala, alimzuia Nadège asiondoke.

"Ulijua?"

"Papa, Lionel ni mukristu. Anasali kila dimanche, kwa Wakatoliki, lakini anasali."

"Sikuuliza anasali wapi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza." Mzee alifunga Biblia, akaiweka magotini. "Watu wale wameshatuma habari, siwezi kuwafungia mulango. Samedi watakuja. Nitamuuliza yeye, kiisha nitakuuliza wewe, mbele ya watu wote. Pale nitajua niko na mutoto wa namna gani."

Nadège aliitika ndiyo papa, akaingia chumbani, akakaa kitandani. Kwake yeye maneno yale yalikuwa na jina, nalo ni Aimée. Aimée ni dada yake mkubwa. Alitoroka na dereva wa malori wa Buta, hakuna aliyekuja kwa baba kumposa, na tangu hapo hajakanyaga tena ndani ya ua wa baba yake, ile lopango. Mama humwona kwa kujificha, sokoni, nyuma ya wauza samaki wa chumvi, wanapeana kitenge na machozi kidogo, halafu kila mmoja anashika njia yake. Kwenye sala ya jioni wanatajwa wagonjwa, wasafiri, hata majirani wabaya. Aimée hatajwi.

Kesho yake aliomba ruhusa atelier, pale anaposhona, akaenda kumngoja Lionel kwenye beach ambako mitumbwi ya kutoka Lubunga hutia nanga. Lionel alikuwa ng'ambo ya kushoto tangu asubuhi na mitego yake ya panya wa msituni, wale anaowachunguza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wanawake wa pale beach walimwona tu Nadège wakaanza.

"Bibi ya prof, leo ulikawia. Tulitaka kumukamata sisi."

Alicheka ili wamwache. Halafu mtumbwi ukagusa mchanga, na Lionel akashuka, matope hadi magotini, shati limemganda mgongoni, na mitego miwili mkononi. Alimtafuta kwa macho kabla hata ya kutafuta pa kukanyaga. Alipomwona, uso wake wote ulifunguka. Nadège alijikuta anatabasamu, kama kila mara, na siku ile alikasirika kwa nini anatabasamu.

"Tonton Évariste amesema kwa papa," alimwambia.

"Amesema nini?"

"Makako."

Lionel aliweka mitego chini. Alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Kesho atakuuliza," Nadège alisema. "Utamujibu kama haufundishi vile. Ao kama unafundisha juu ya mushahara tu, mais hauamini. Chagua yenye iko mwepesi mu kinywa."

"Nadège, tazama kule ng'ambo. Upande ile iko makako ya bonobo. Upande yetu hii iko makako ya mokomboso. Zamani ilikuwa nyama moya. Mto ikapita katikati, na kila moya ikageuka polepole kwa upande yake. Papa yako anapita mto hii tangu ujana, anajua kama hazifanane. Mimi simuletee kitu mpya."

"Papa anajua makako. Hajui kama makako ni shemeji yake."

Lionel alicheka, akashindwa kujizuia. Nadège hakucheka.

"Mimi naamini Mungu," Lionel alisema, taratibu sasa. "Unajua vile naamini. Ni yeye alifanya vyote. Mais alifanya polepole, kama vile mama anapika pondu, majani ya muhogo. Hakutia moto na kuipua saa ileile."

"Basi umwambie Mungu alifanya, kiisha unyamaze. Pondu uniachie mimi."

"Na akiuliza kama nitaacha kufundisha?"

"Udanganye."

Alilisema bila kupepesa jicho, binti wa mzee wa kanisa, mwimbaji wa chorale. Mapenzi yalishamfikisha huko.

"Petero alimukana bwana wake mara tatu," aliongeza, "na bado akapewa kondoo za kuchunga."

"Petero alilia kwanza."

"Na wewe utalia. Nitakupangusa. Nitakuwa bibi yako, itakuwa kazi yangu." Machozi yalimtoka. "Lionel, sitaki kuwa Aimée. Sitaki mama yangu anione kwa kujificha nyuma ya samaki. Neno moya tu, na tuko kwetu."

Lionel alimtazama. Macho yale yalimjua Nadège tangu siku aliyomletea koti la maabara kushonwa mfuko, na mfuko ule akauharibu mara mbili kwa makusudi ili arudi atelier. Kama wanawake wale wasingekuwepo, angemshika uso kwa mikono yote miwili na matope yake. Alimgusa kiwiko tu.

"Nitajibu papa yako vizuri. Sitamukosea heshima."

Nadège alishika maneno hayo, akaenda nayo nyumbani, na njia nzima aliyageuza mpaka yakawa ahadi.

Shughuli ya Jumamosi huitwa kanga lopango. Ni ndogo, inatangulia mahari: upande wa kijana unaleta kinywaji, na kwa kinywaji kile wanafunga uwanja wa wenyewe, kijana mwingine asichungulie tena mlangoni. Kwa walokole hakuna bia, ni kreti ya sucré, yaani soda. Kreti inawekwa katikati na haiguswi. Maneno yakiisha, msichana anaitwa kutoka chumbani, na baba anamwuliza mbele ya familia mbili kama chupa ifunguliwe. Akikubali, baba anafungua ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe na anakunywa. Akikataa, kreti inarudi ilikotoka, imefungwa vilevile. Lakini ni nani siku hizi amesikia msichana akikataa? Wanajibu huku wanacheka na simu zinapiga picha, na swali lenyewe watu wamelizoea, wanaliona pambo kama maua ya plastiki mezani.

Upande wa Lionel walikuja wachache. Baba yake alikwishafariki, kwa hiyo msemaji alikuwa tonton Émile, mtu wa Kindu, mtumishi wa serikali mwenye kitambi na lugha nzuri, pamoja na mke wake. Lionel alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri mabegani. Nadège alimwona kupitia pazia la chumbani, mama yake, Marie-Jeanne, akiwa pembeni amemshika mkono.

Tonton Émile alipamba hotuba yake. Alisema wamepita njiani wakaona ua zuri, wakauliza mwenye bustani. Watu wakacheka inavyotakiwa. Papa Alphonse naye alitabasamu inavyotakiwa, halafu akamgeukia Lionel moja kwa moja.

"Mwanangu, unafundisha kama mutu alitoka kwa makako?"

Kicheko kilikatika. Nadège alibana mkono wa mama yake.

"Papa," alisema Lionel, "nafundisha kama mutu na makako wako na babu moya, zamani sana, sana. Na naamini ni Mungu alifanya wote."

"Mimi nilizika mutoto," alisema Papa Alphonse. Sauti yake haikupanda. "Siku ile nilisomewa kama Mungu alifinyanga mutu kwa mukono yake. Nikasema, bon, mutoto wangu amerudia mu mukono ile. Na wewe unaniambia hakukuwa mukono?"

Lionel alizungumza na mzee yule kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine barazani.

"Naamini ule mukono, papa. Hata mimi papa yangu iko ndani yake. Kitu nafundisha ni muda gani mukono ile ilifanya kazi. Si kama haiko."

Nadège alivuta pumzi. Aliona bega la baba yake likishuka kidogo. Tonton Émile alishakohoa kuingiza maneno mengine matamu. Lakini tonton Évariste hakuwa amekuja kunywa sucré tu.

"Donc utaacha kufundisha vile," alisema. "Mukwe wa mzee wa kanisa hawezi. Sema hapa mbele ya watu utaacha, tuendelee."

Sema, Nadège aliomba nyuma ya pazia. Sema utaacha, nakuomba, sema.

Lionel aligeuza macho upande wa pazia. Hakumwona, lakini alijua yuko pale, na Nadège alimwona vizuri, alimwona mpaka mshipa wa shingo.

"Hapana, papa," Lionel alimwambia Papa Alphonse. "Ningeweza kukuambia ndiyo, na lundi ningerudia ku tableau kufundisha vilevile. Sitaki kuingia mu lopango yako na uongo."

Kelele zikainuka. Tonton Évariste alisimama, tonton Émile naye akasimama, mke wake akamvuta shati akae. Papa Alphonse peke yake hakusogea. Na Nadège, moyo ulimgeuka chungu kama dawa ya minyoo. Neno moja. Alimwomba neno moja tu, alimwomba kwa machozi, na mwanaume huyu aliyekuwa akiharibu mifuko ya koti kwa ajili yake ameshindwa neno moja. Kati yake na makako wa ng'ambo, alichagua makako. Ndivyo alivyoona. Hasira ikija mahali pa hofu, mtu hajui tena ni ipi inayosema.

"Nyamazeni," alisema Papa Alphonse. "Mumuite mutoto."

Alitoka na kitenge chake kipya, akasimama mbele ya kreti. Hakumtazama Lionel. Alimtazama baba yake, na uso wa baba ulikuwa mgumu, umefungwa pande zote. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, hata huyo mwenzio akiwa amekuzaa.

"Nadège," alisema mzee. "Umesikia yote. Sucré hii, tuifungule ao tusiifungule?"

"Papa, vile unaona wewe."

"Sikuuliza vile naona mimi. Nakuuliza wewe."

Aliuliza mara ya pili, na Nadège akafikiri: ananipa nafasi ya mwisho. Alimwona Aimée nyuma ya samaki. Alimwona Lionel akitikisa kichwa, hapana papa, mbele ya watu wote.

"Tusiifungule," alisema.

Lionel aliinua macho, na Nadège naye akakosea, akayatazama. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyepigwa na anayesubiri kuelewa ni nani aliyempiga. Tonton Émile aliinama, akashika kreti upande mmoja, Lionel upande wa pili, wakaibeba mpaka barabarani. Chupa ziligongana njia nzima. Mama Marie-Jeanne alifunika uso kwa kitenge.

Jumapili, baada ya ibada, Nadège alimpelekea baba yake chakula barazani. Papa Alphonse alisukuma sahani pembeni.

"Kaa. Ule kijana, unamupenda?"

"Papa."

"Nauliza kitu nyepesi."

"Namupenda," Nadège alisema, na machozi aliyokuwa ameyabana tangu jana yakatoka yote.

"Alors juu ya nini ulimurudisha?"

Aliinua kichwa. Alidhani anataniwa.

"Ni wewe ulitaka, papa."

"Mimi nilisema wapi?"

Nadège alitafuta. Alirudi Alhamisi, alirudi jana, akapekua kila neno la baba yake kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, na hakulipata neno la kukataa.

"Ulisema utajua uko na mutoto wa namna gani."

"Na nikajua," alisema mzee. Hakusema kwa ukali, ndiyo maana iliuma zaidi. "Nilitaka kujua kama anajua kitu anataka. Sikiliza. Maneno ya kijana yule mimi sikuyakubali. Hata leo siyakubali, na siku moya Mungu atatuonyesha nani alikuwa na haki. Mais alikaa pale, anakutaka mpaka tunaona wote, na uongo mudogo tu ungemupa wewe. Akaikataa. Nilisema ndani yangu, huyu hatamudanganya mutoto wangu. Nilikuwa nimeshashika décapsuleur mu mufuko, ya kufungula chupa. Ungesema ndiyo, ningefungula, na Évariste angekunywa ao angerudia kwake."

"Na Aimée?"

"Aimée hakuacha watu wakuje kuniuliza. Aliondoka. Wewe nilikuuliza, na nikarudilia kukuuliza. Kazi ya baba ni kuweka mulango mugumu. Kazi yako ilikuwa kusema."

"Sasa tuwaite, papa. Utume mutu kwa tonton Émile."

Papa Alphonse alitikisa kichwa polepole. Alionekana mzee ghafla.

"Neno yako ilisemwa mbele ya familia mbili. Mimi siwezi kukimbia nyuma ya watu kuwaomba wakamate mutoto wangu. Mais miguu yako sikuifunga."

Nadège hakulala vizuri, na Jumatatu asubuhi hakwenda atelier. Alipanda toleka, teksi ya baiskeli, akamwambia mwenyewe ampeleke Simi-Simi, akaze miguu. Njiani alijisemesha peke yake, na kadiri baiskeli ilivyosonga ndivyo moyo ulivyopata mabawa. Alikuwa anabeba habari njema. Baba hakatai. Kilichobaki ni kumwambia tu.

Lionel alipanga chumba karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa ndani anafunga gunia la vyombo vya kazi, kwani mtumbwi wa kumpeleka Yahuma kwa utafiti ulikuwa unamngoja. Alipomwona, aliacha kamba ianguke. Alimvuta ndani, akamkumbatia, na Nadège akalia kwenye shati lile alilolijua harufu.

"Usilie," Lionel alimwambia nywelani. "Nilizungumza na tonton Émile. Alikasirika, mais amekubali. Nikitoka Yahuma tutarudia na kreti ingine. Papa yako akikataa, tutarudia tena. Mimi sina hasira na wewe hata kidogo. Niliona vile ulikuwa unamutazama. Ile hapana ilikuwa ya kwake, wewe ulimuazima kinywa tu."

Hapo ndipo angenyamaza. Mwanamke mjanja angenyamaza, angemfungia gunia, angempikia chakula cha njiani, akangoja kreti nyingine. Lakini Nadège alikuwa na furaha, na furaha haijui kushika mdomo.

"Hapana, chéri, sikiliza. Papa hakatai. Ameniambia jana yeye mwenyewe. Alikuwa ananiuliza kweli. Ningesema ndiyo, angefungula. Alisema mutu mwenye amekataa kumudanganya yeye hatanidanganya mimi. Amekupenda, Lionel, tangu pale."

Mikono ya Lionel ilikaa mgongoni mwake kitambo. Halafu ikashuka. Alirudi nyuma, akakaa juu ya gunia.

"Alikuwa anakuuliza kweli," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema tusiifungule."

"Niliogopa. Ulikuwa umeshasema hapana kwa papa, mbele ya watu, nikaona mulango imeshafungwa. Sikujua kama iko wazi."

"Hata mimi sikujua. Mais nilisukuma."

Nadège alipiga magoti mbele yake, akamshika mkono. Lionel hakuuondoa. Aliuacha pale kama kitu cha mtu mwingine, na hilo lilimtisha kuliko kama angeunyang'anya.

"Tangu samedi namuchukia mzee yule," alisema. "Hata kusali nimeshindwa, nikifumba macho ni yeye naona. Nilikuwa najiambia, Nadège ananitaka, ni papa yake tu." Alicheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi. "Kumbe mu lopango yenu mutu mwenye alinitaka ni yeye."

"Usiseme vile. Mimi nakutaka. Nimekuja, si unaniona? Nimekuja."

"Umekuja kiisha yeye kukuambia ndiyo."

Nje mtu aliita kwamba mtumbwi hautangoja. Lionel aliokota kamba, akafunga gunia fundo moja juu ya lingine, akalitupa begani.

"Umusalimie papa," alisema. "Umwambie namushukuru."

"Na mimi? Mimi unaniambia nini?"

Lionel alisimama mlangoni, kufuli mkononi, akingoja atoke kwanza ili afunge.